Kokasi: kikao cha majirani kinachochanganya watu Februari ya mwaka wa uchaguzi

Ikifika mwezi wa pili wa mwaka wa uchaguzi grupu za WhatsApp za Waswahili tunaoishi jimbo la Minnesota huku Marekani zinachangamka kwa swali lile lile, kwani kura si Novemba, hii kokasi ya leo ni ya nini tena? Mmoja anasema ni uchaguzi wa chama, mwingine anasema ni mchujo, anajibiwa mchujo ni Agosti wewe, halafu anatokea wa nne anaandika kwa herufi kubwa kwamba asiye raia akionekana hapo amekwisha. Na kule nyumbani nako kila baada ya miaka minne redio zinatangaza fulani ameibuka kidedea Iowa, msikilizaji anabaki anajiuliza ameshinda nini wakati uchaguzi wenyewe bado miezi kumi.

Tuanze na maneno maana hayo ndo yanayovuruga. Prisinkti ni kipande kidogo kabisa cha ramani ya uchaguzi wa Marekani, mitaa michache tu, yaani wale watu ambao Novemba mnapanga foleni kituo kimoja. Kokasi ni kikao cha wafuasi wa chama kimoja wanaoishi prisinkti hiyo, mnakutana shuleni, kanisani, maktaba, popote palipopatikana, jioni moja saa moja, mnaongea na mnachagua watu. Kinaendeshwa na chama chenyewe, wanaosimama mbele ni watu wa kujitolea. Praimari, ambayo redio zetu huita kura za mchujo, hiyo inaendeshwa na serikali ya jimbo, vituo viko wazi asubuhi mpaka usiku, unapewa karatasi unajaza kwa siri unaondoka zako. Mjumbe ni mtu mliyemchagua akawawakilishe kwenye kikao cha ngazi ya juu. Ukishayashika hayo manne mengine yote yanajipanga yenyewe.

Ukitaka kuielewa kokasi haraka fikiria kikao cha harusi. Walioalikwa sitini, waliokuja kumi na watano, na hao kumi na watano ndo wanapanga bajeti, ukumbi, na nani ashike hela, wewe uliyebaki nyumbani unaletewa meseji ya kiasi unachotakiwa kuchanga. Hamna aliyekuibia haki yako, hukuwepo tu. Ndo hivyo na kokasi inavyofanya kazi, na ndo sababu watu wengi wanaichukia na wachache wanaipenda sana. Mtu wa zamu ya usiku, mama mwenye watoto wadogo, mzee asiyeweza kutembea kwenye barafu, hao wote kwa praimari wangepata dakika kumi za kupiga kura au wangepiga kwa posta, kwa kokasi wanakosa kabisa. Januari 2024 kokasi ya Republican kule Iowa walijitokeza watu kama 110,000 kwenye jimbo lenye watu milioni 3.2, usiku wa baridi ya kutisha, na hao ndo waliotoa kichwa cha habari kilichozunguka dunia nzima kwamba Trump kapata asilimia 51.

Iowa na makelele yake

Sasa alishinda nini? Alishinda wajumbe 20. Iowa nzima ilikuwa na wajumbe 40 kati ya 2,429 wa mkutano mkuu wa Republican mwaka ule, ule unaoteua mgombea urais wa chama, kwa hiyo ukihesabu kwa namba Iowa ni tone. Ukubwa wake unatoka kwenye kalenda, tangu 1972 imekuwa ikitangulia majimbo mengine, na anayetangulia anapata kamera, anayepata kamera anapata hela za kampeni. Mfano mzuri ni Jimmy Carter mwaka 1976, gavana wa zamani wa Georgia ambaye nchi ilikuwa haimjui vizuri. Watu wanasema alishinda Iowa, lakini ukweli waliokuwa wengi kuliko wote usiku ule ni wale waliosema hatujaamua bado, kama asilimia 37, Carter akafuata na 28 hivi. Magazeti yakaandika Carter, na mwaka uliofuata akaingia Ikulu. Obama naye 2008, ushindi wa Iowa ndo ulioshawishi wengi kwamba inawezekana mtu mweusi akapigiwa kura na jimbo lililojaa wazungu.

Kinachochanganya zaidi ni kwamba ndani ya jimbo moja vyama viwili vilikuwa vinafanya kokasi kwa namna tofauti kabisa. Republican wa Iowa ni rahisi, mnasikiliza watu wanaomtetea mgombea wao dakika chache, mnaandika jina kwenye kikaratasi, zinahesabiwa hapo hapo, basi. Democrat ndo walikuwa na ile ya kusimama kwenye kona. Yaani ukumbi mmoja, wa Sanders kona ile, wa Clinton ukuta huu, mnahesabiwa vichwa mbele ya majirani zenu wote, na kundi ambalo kwa kawaida halikufika asilimia 15 ya waliomo ukumbini linavunjwa. Mkiwa watu 100 unahitaji 15, mgombea wako ana 12, inabidi mwende kona nyingine au mwite watatu waje kwenu. Hapo ndo unaona mtu anabembelezwa na fundi wake wa gari upande huu na mwalimu wa mtoto wake upande ule. Wapo wanaosema hiyo ndo demokrasia yenyewe, mimi nasema fikiria bosi wako yuko kona ya pili anakuangalia.

Halafu matokeo yenyewe hayakuwa idadi ya watu. Vichwa vile vinageuzwa kuwa wajumbe wa kaunti, wajumbe wa kaunti wanageuzwa kwa hesabu kuwa wajumbe wa jimbo, na hicho ndo kilichotangazwa miaka yote. Mwaka 2020 chama kiliamua kitangaze vyote, yaani watu wa mwanzo kabla ya makundi kuvunjwa, watu wa mwisho, na wajumbe. Nia ilikuwa nzuri ila ikaleta kioja, Sanders aliongoza kwa idadi ya watu mwanzo na mwisho, Buttigieg akaongoza kwa wajumbe kwa tofauti ya kama sehemu moja ya kumi ya asilimia, wote wawili wakasema wameshinda na hakuna aliyedanganya. Na hayo yalikuja kujulikana siku kadhaa baadaye maana programu ya simu iliyotengenezwa kutuma matokeo iligoma usiku ule ule, wenyeviti wakakimbilia simu za mezani na laini zikajaa.

Kwa hiyo ukikutana na video za watu wanahama kona Iowa ujue kwa upande wa urais hiyo imepita. Chama cha Democrat taifa kilibadilisha kalenda, mwaka 2024 South Carolina ikawekwa mbele, na Democrat wa Iowa wakapiga kura ya kumchagua mgombea urais kwa posta matokeo yakatoka Machi 5. Republican wao waliendelea na Iowa yao kama kawaida. Wala usidhani Republican hawajawahi kuchemka, 2012 usiku walitangaza Romney kashinda kwa kura 8, baada ya wiki mbili hivi hesabu kamili ikaonyesha Santorum ndo yuko mbele kwa kura 34, kuna prisinkti kadhaa karatasi zake hazikuonekana kabisa, ila shangwe na michango ya usiku ule alikuwa ameshaichukua mwenzake.

Na Nevada 2024 ndo ilikuwa vichekesho, serikali ya jimbo ikaandaa praimari Februari 6, chama cha Republican kikasema sisi tunafanya kokasi yetu Februari 8 na wajumbe watatoka huko tu. Nikki Haley, aliyekuwa akishindana na Trump ndani ya chama, akaenda praimari ambayo jina la Trump halikuwepo, na bado akashindwa na kile kisanduku cha "hakuna hata mmoja kati ya hawa". Siku mbili baadaye Trump akachukua wajumbe kwenye kokasi. Kama uliona habari hiyo ukachanganyikiwa, hukuwa peke yako.

Minnesota ni kitu kingine

Hapa ndo penye kosa kubwa la watu wetu, wanachukua mambo ya Iowa wanayabandika Minnesota. Kokasi ya Minnesota haichagui mgombea urais tena. Mara ya mwisho ilikuwa Machi 2016, Sanders kwa Democrat na Rubio kwa Republican ndo walishinda, watu wakajaa mpaka nje, magari hayana pa kuegesha, karatasi zikaisha sehemu nyingine, na mwaka ule ule bunge la jimbo likapitisha sheria ya praimari ya urais iliyoanza kutumika 2020. Kokasi ikabaki na kazi zake za zamani, na kwa maoni yangu hizo ndo zenye nguvu kuliko ile ya urais ambayo kura yako moja inamezwa na mamilioni.

Ya kwanza ni kuchagua viongozi wa chama wa prisinkti, mwenyekiti na wenzake, watu wanaopiga simu na kugonga milango. Ya pili ni maazimio, yaani mawazo ya kuingizwa kwenye ilani ya chama. Ya tatu ni wajumbe wa mkutano wa kaunti au wa wilaya ya seneti (eneo linalochagua seneta mmoja wa bunge la jimbo), na kutoka huko wanachaguliwa wa kwenda mkutano wa jimbo, na mkutano wa jimbo ndo unampa mtu baraka za chama, yaani kumtangaza kuwa chaguo lake, agombee ugavana, useneta, na nafasi nyingine.

Kikao chenyewe kikoje? Unafika unakuta meza ya mlangoni na ramani ukutani, kama hujui prisinkti yako wanakutafutia kwa anwani, au unaitafuta mapema kwenye tovuti ya Katibu wa Jimbo, ofisi ya serikali inayosimamia uchaguzi. Unaandika jina na anwani unatia sahihi, unaelekezwa darasa fulani, na ni darasa kweli, viti vya watoto wa darasa la nne, magoti yanagusa kidevu. Mkiwa mnashiriki jengo moja na prisinkti nyingine mnasikia makofi ya wenzenu ukutani. Mtu anasimama anasema nani atakuwa mwenyekiti wa kikao, kimya, watu wanaangalia viatu, mwishoni yule yule wa mwaka juzi anachukua. Kofia inapitishwa kwa mchango, na mkono wako hauvutwi, ukiwa huna unaipitisha.

Wajumbe sasa. Kila prisinkti inapewa idadi yake ya wajumbe kutokana na kura ambazo chama kilipata pale chaguzi zilizopita, na mara nyingi nafasi zinakuwa nyingi kuliko watu waliokuja, tuseme mna nafasi kumi na mko saba ndani ya chumba. Hapo hamna uchaguzi, anayetaka anaandika jina. Jirani yangu mmoja mwuguzi aliingia kusikiliza tu, akatoka mjumbe. Watu wanadhani nafasi hizo ni za wakubwa wenye suti kumbe zimekaa zinangoja mtu wa kuzijaza.

Mkiwa wengi kuliko nafasi ndo inakuja ile ya makundi, na upande wa DFL (hilo ndo jina la Democrat wa hapa, kirefu chake ni chama cha Democrat, Wakulima na Wafanyakazi, viliungana 1944) wanaipenda sana. Chukua mfano mko 42 na wajumbe ni 6. Gawanya, ni watu 7 kwa mjumbe mmoja. Mtu anapaza sauti "maji safi na mazingira", mwingine "shule", mwingine anataja mgombea anayemtaka, mwingine "wafanyakazi wa hospitali na nyumba za wazee", kila mmoja anasimama sehemu yake na karatasi aliyoandika kwa kalamu ya wino mzito, watu wanamfuata. Mnahesabiwa. Mazingira wako 16, shule 5, mgombea 14, hospitali 7. Shule hawajafika, wana dakika chache za kwenda kuomba, na hapo ndo biashara inafanyika, wa mazingira wanasema njooni kwetu tutabadilisha jina liwe mazingira na shule, tukiwa 21 tunapata wajumbe watatu na mmoja atakuwa wenu. Mkishakubaliana mnahesabiwa upya, na kila kundi linachagua wajumbe wake lenyewe. Hicho ndo kitu ambacho praimari haiwezi kukupa, karatasi ya kura haijadiliani na wewe.

Maazimio ni pale unapoleta wazo liingie kwenye ilani ya chama. Unaandika kwa sentensi chache, labda basi la mtaa wetu lifanye kazi mpaka saa sita usiku maana zamu zinaisha saa tano, unasoma mbele ya watu, wanauliza, wanapiga kura ya mikono, likipita linaenda kamati ya ngazi ya juu ambako linachanganywa na mengine yanayofanana. Niseme ukweli mengi yanafia njiani. Na hata likifika kwenye ilani mbunge hafungwi nalo kisheria. Lakini azimio moja likitoka prisinkti thelathini tofauti kamati inaliona, na wanaojua hilo ndo wanaosambaza maneno yale yale kwa marafiki zao wa mitaa mbalimbali kabla ya siku yenyewe. Makanisa na vyama vya wafanyakazi wanaufanya huo mchezo miaka mingi, sisi tunafika na maneno mdomoni tu bila karatasi.

Yale yanayosemwa kwenye grupu

Lazima uwe na kadi ya chama. Hapana, Minnesota hata kwenye daftari la wapiga kura huandikishwi kwa chama. Unachotakiwa ni kuishi kwenye prisinkti hiyo na kukubaliana kwa ujumla na misimamo ya chama kilichoitisha, na ndani ya mwaka mmoja usishiriki vya vyama viwili. Iowa ni tofauti, kule unaandikishwa kwa chama ila unaweza kubadilisha pale pale mlangoni usiku ule.

Asiye raia akienda amekwisha. Hili nalichukulia kwa uzito kwa sababu lina ukweli nusu. Kuingia na kusikiliza ni wazi kwa mtu yeyote. Sheria inasema ili upige kura mle ndani, utoe azimio au uchaguliwe mjumbe, uwe na sifa za kupiga kura Novemba inayofuata, ila vyama vingine vina kanuni zao zinazoruhusu na wengine kushiriki kwa kiasi fulani. Hatari haiko kwenye kukaa kitini, iko kwenye sahihi. Kama karatasi ya mlangoni inasema anayesaini ana sifa za kupiga kura na wewe huna, usisaini, mwambie mhusika nimekuja kusikiliza, hakuna atakayekufukuza. Kujitangaza raia wakati sio raia ni kitu kinachoweza kukufungia milango ya uhamiaji moja kwa moja, na karatasi haina cha nilidhani. Kijana wa miaka 17 atakayefikisha 18 kabla ya Novemba yeye anashiriki kama mtu mzima.

Bosi hataniachia. Kwa Minnesota sheria inakulinda, ukimwandikia mwajiri siku 10 kabla lazima akuruhusu kwenda kokasi, ila halazimiki kukulipa saa hizo. Sijaona sheria inayopuuzwa na watu wetu kama hii, tena wengi ndo wale wenye zamu za jioni.

Aliyepewa baraka na mkutano ndo anashinda. Wee! Ili upate baraka unahitaji asilimia 60 ya wajumbe, hiyo sio rahisi, lakini bado kuna praimari ya Agosti na yeyote anaweza kugombea huko bila baraka za mtu. Mwaka 2010 mkutano wa DFL ulimpa Margaret Anderson Kelliher, Mark Dayton hakujisumbua na mkutano, akamshinda kwenye praimari akawa gavana. 2018 mkutano ukampa Erin Murphy, Tim Walz akashinda Agosti, akawa gavana. Na 2025 Minneapolis mkutano wa DFL wa jiji ulimpa Omar Fateh baraka mwezi Julai kwenye mbio za umeya, Agosti chama ngazi ya jimbo kikazifuta kikisema upigaji kura wa kielektroniki ulikuwa na kasoro, na Novemba meya aliyekuwepo, Jacob Frey, akarudi kwenye kiti. Sasa usiseme basi baraka hazina maana, maana anayezipata anapewa orodha ya wapiga kura ya chama, watu wa kujitolea, na jina lake linachapishwa kwenye karatasi ya chama inayogawiwa mlango kwa mlango. Kwa viti vidogo kama diwani au mbunge wa jimbo, ambavyo watu wengi hawamjui mgombea hata mmoja, hiyo mara nyingi inatosha kummaliza mpinzani kabla Agosti haijafika.

Ni vurugu tupu, watu wanagombana. Zipo za kugombana ila nyingi shida yake ni kuboa, taratibu za kikao, mtu anasimama kuuliza hoja ya utaratibu, mwingine anataka kura ihesabiwe upya. Saa mbili na nusu usiku nusu ya watu wameshaondoka. Hapo angalia vizuri, maana mara nyingi maazimio yanapigiwa kura mwishoni, na waliobaki ni wale wale wenye shida na jambo moja maalumu, kwa hiyo azimio la darasa zima linaweza kupita kwa mikono tisa. Kama una lako baki.

Na usipopata nafasi ya mjumbe chukua ya mjumbe wa akiba, watu wanaidharau sana. Mkutano wa kaunti au wilaya ya seneti unafanyika wiki kadhaa baadaye, mara nyingi Jumamosi asubuhi, na wajumbe wengi waliojiandikisha Februari kwa mbwembwe siku hiyo hawaonekani, ana mpira wa mtoto, kasahau, kasafiri. Wa akiba aliyefika mapema na kujiandikisha anapandishwa pale pale kuziba pengo, anapewa beji ya rangi nyingine, na kura yake kuanzia hapo ina uzito sawa na ya mtu yeyote ukumbini.